Kesi ya Dobi

Mtu akiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa dobi, hata kama ni kwa dakika moja ili afunge kamba ya kiatu, dobi hutoka nje na pasi mkononi akamwambia, "Nimeona, na sijakubali." Kisha hurudi ndani. Hagombani wala hafukuzi mtu. Anachotaka ni isikike kwamba aliona na hakukubali. Wageni hudhani ana kasoro kichwani. Wenyeji humjibu, "Tumesikia, Mama Kwa Kuwa," wakaendelea na mambo yao, maana wanajua maneno hayo yalikotoka. Wanajua pia kwamba mwanamke huyu alikuwa mpole kama maji ya mtungini, mpaka siku mahakama ilipomfundisha kwamba upole ni saini.

Udobi aliurithi kwa mama yake, pamoja na kiwanja, beseni tatu za bati, kamba sita za kuanikia na pasi ya mkaa nzito kama lawama. Kiwanja chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo la mashine ya kusaga. Ubavuni mwa jengo hilo kulikuwa na kichochoro, upana wake hatua tatu, na wateja walikipita kutoka barabara kuu wakiwa na vifurushi vyao vichwani. Kichochoro kilikuwa upande wa mwenye mashine. Lakini naye mwenye mashine, mzee wa zamani, alikuwa na mlango wa chuma nyuma ya jengo lake uliofungukia uani kwa dobi, na magunia yake yalipita uani humo kwenda barabara ya nyuma. Ilikuwa nipe nikupe ya majirani. Hakuna aliyeiandika, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba ingefika siku ya kusomwa.

Mzee alipokufa, mashine ikaangukia mikononi mwa mwanawe. Mtaa ulimwita Bwana Kinu. Alikuwa na shingo nene na maneno laini, na watu wa namna hiyo ni wa kuchungwa. Haukupita muda akaanza kuchimba msingi wa ghala la unga katikati ya kichochoro.

Siku hiyo dobi alikuwa na mama yake kitandani, hajiwezi, wa kugeuzwa ubavu huu na ule. Alitoka mara moja na kumwuliza jirani yake, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi, wateja watapita wapi. Bwana Kinu akamshika bega. "Tutaelewana, jirani," akasema. "We muuguze mama kwanza."

Basi akamuuguza mama kwanza. Aliona aibu kumpigia kelele mtu aliyemwulizia mgonjwa wake kila asubuhi. Mafundi walipoomba maji ya kunywa, aliwapa. Walipomwachia vipande vya mbao vilivyobaki, alivipokea akavipikia uji wa mgonjwa. Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Mama akafa, ghala likaezekwa, kichochoro hakipo tena. Wateja wakawa wanazunguka nyuma, kwenye ubao uliolazwa juu ya mtaro wa maji machafu, na shati jeupe likianguka pale huwezi kumpa mwenyewe ukamtazama usoni.

Baada ya matanga alikwenda kumkumbusha jirani yake ahadi ya kuelewana. Bwana Kinu alimtazama kama mtu anayejaribu kwa dhati kukumbuka. "Kuelewana kuhusu nini?" akauliza.

Alimshtaki, akashindwa. Alikata rufaa, na jaji wa mahakama ya juu akaipigilia msumari hukumu ile kwa maneno ambayo dobi hakuyaelewa siku yaliposomwa, ila alielewa watu walipoanza kukusanya karatasi zao bila kumwangalia.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda angesahau. Watu wa namna yake husahau mengi, la sivyo wasingelala. Lakini Bwana Kinu hakuwa mtu wa kushinda akanyamaza. Aliuchukua ule ukurasa wa mwisho wa hukumu, akaupeleka kwa mpiga chapa ukapigwa kwa herufi kubwa, akautia kwenye fremu yenye kioo na kuutundika juu ya mizani, mahali ambapo mtu akileta mahindi yake kupimwa hana budi kuinua macho. Ulisema hivi:

*Kwa kuwa mdai aliona ujenzi tangu msingi. Na kwa kuwa alikuwa na nafasi ya kupinga, asipinge. Na kwa kuwa alipokea manufaa kutokana na ujenzi huo. Na kwa kuwa mdaiwa alitumia mali yake akiutegemea ukimya wa mdai. Basi ukimya huo ni ridhaa, na aliyeridhia hawezi kurudi kudai.*

Manufaa yaliyotajwa ni vile vipande vya mbao.

Mara ya kwanza dobi alipopeleka mahindi baada ya fremu kupanda ukutani, foleni ilikuwa ndefu na Bwana Kinu alikuwa katika hali nzuri. Alijipapasa mifukoni. "Jirani," akasema, "nisomee hayo maneno hapo juu. Miwani yangu imepotea." Dobi aliacha shule mapema, kusoma kwake ni kwa midomo na kwa sauti, kidole kikitangulia hewani. Akasoma. Kila alipofika kwenye "kwa kuwa" foleni ilicheka, na kicheko kilikuwa kikubwa zaidi kila mara, kwa sababu "kwa kuwa" zilikuwa nyingi. Jina likamganda siku hiyohiyo.

Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu wakati huo na aliyeona aibu kwa niaba ya wote wawili, alimwambia kwamba mitaa miwili mbele kuna mashine nyingine, na mwenyewe hana fremu. Lakini mama mtu aliendelea kwenda palepale, wiki baada ya wiki, na kila akiombwa kusoma alisoma.

"Unakwenda kufanya nini kule, mama?" binti aliuliza siku moja.

"Nakwenda shule," dobi akajibu.

Na kweli alisoma. Alifika mahali akawa anayajua maneno yale kwa moyo, mpaka nukta zake.

Kwa kuwa wateja wa mtaani walipungua kwa sababu ya mtaro, alikwenda kutafuta kazi kulekule alikoangushwa. Mahakama ilimnyima njia, akaona basi imlishe. Mawakili wana majoho meusi yanayotaka kupigwa pasi kwa kitambaa juu ili yasing'ae, na kola nyeupe zinazotaka wanga wa kipimo. Wanga ukizidi, kola inamkata mtu shingo; ukipungua, inalala kama ulimi wa mbwa. Dobi alikuwa na mkono wa wanga. Miaka michache baadaye, nusu ya majoho ya mahakama ile yalikuwa yakining'inia kwenye kamba zake kama kunguru wanaongoja kuitwa mashahidi.

Mmoja wa wateja wake alikuwa wakili mwanamke, bado kijana, mkali kwenye mambo ya kola. Alifika kuchukua joho akiwa anazungumza kwenye simu, na dobi akamsikia akimtuliza mteja wake. "Usiwe na wasiwasi," alikuwa akisema, "tunayo kesi ya dobi."

Pasi ilisimama juu ya mkono wa shati mpaka shati likaanza kunuka kuungua. Wakili alipokata simu, dobi alimwuliza hiyo kesi ya dobi ni kesi gani. Wakili akaeleza bila kufikiri, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Palikuwa na dobi zamani, alinyamaza jirani yake akijenga, alipokuja kudai akaambiwa ukimya wake ni ridhaa. Tangu hapo kila mtu anayetaka kumshinda mtu aliyenyamaza anaitaja. Mwezi uliopita imemnyang'anya mjane mmoja njia ya kwenda kisimani kwake.

"Huyo mjane alinyamaza muda gani?"

"Miaka miwili. Alikuwa anamwogopa shemeji yake."

Dobi aliiweka pasi wima. "Huyo dobi ni mimi," akasema.

Wakili alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kapu la nguo chafu. Alipoulizwa kwa nini kesi ya mtu mmoja imwumize mwingine ambaye hawajawahi hata kusalimiana, alinyoosha mkono akachukua suruali iliyokuwa mezani. "Mama, suruali ikija na mkunjo wa zamani, pasi yako inakwenda wapi?"

"Inafuata mkunjo."

"Usipoufuata?"

"Mikunjo inakuwa miwili, kama reli. Mwenyewe atanirudishia."

"Basi na mahakama ni hivyohivyo. Jaji wa juu akishapiga mkunjo, hakimu wa chini akiletewa jambo la namna ileile, pasi yake inapita palepale. Vinginevyo leo huyu angeshinda, kesho mwenzake mwenye shida ileile angeshindwa, na watu wasingejua pa kukanyaga."

Dobi alipitisha kidole juu ya ule mkunjo. "Unamshika kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata aliyeshinda siku ile?"

Wakili alicheka. "Hata yeye," akasema, akachukua joho lake akaenda zake.

Habari ya mjane ilimwuma dobi, ila kusema kweli haikukaa sana. Kilichokaa ni yale maneno mawili, hata yeye. Alikwenda nayo kwenye kamba, akarudi nayo kwenye beseni. Jioni binti yake alimkuta amesimama uani, mikono kiunoni, anaukodolea macho mlango wa chuma wa Bwana Kinu, ule wa nyuma. Siku hizi magunia yalishushwa mbele kwa lori, na mlango ulikuwa haujafunguliwa miaka, kutu imezitafuna bawaba zake. Ulikuwa mlango wa kufungukia nje. Mbele yake palikuwa kiwanja cha dobi.

"Hapa," dobi akasema, "patafaa chumba cha pasi."

Alijenga kama mtu anayepika kwa kufuata maelekezo ya daktari. Hukumu ilitaka mambo manne, naye aliyapanga moja baada ya jingine.

La kwanza, jirani aone tangu msingi. Asubuhi ya kuchimba, dobi alizunguka mpaka mashineni akaazima jembe. Kesho yake akaenda kuazima ngazi, na akaomba Bwana Kinu mwenyewe aje kumwonyesha inavyofungwa. Akaja. Alisimama palepale kwenye mtaro wa msingi, akautazama, akautazama na mlango wake. Lilihitajika neno moja tu la kukataza.

"Unajenga banda la kuku?" Bwana Kinu akauliza.

"Chumba cha pasi, jirani."

"Haya. Lakini usije ukanipigilia misumari kwenye ukuta wangu."

"Nimesikia," akasema dobi, na hakupigilia hata mmoja. Nguzo zake zilisimama kidole kimoja kutoka kwenye ukuta ule, na paa halikuugusa. Chumba kilikuwa na kuta tatu za kwake. Wa nne ulikuwa ukuta wa jirani, na mlango wa chuma katikati yake kama picha. Mbele ya mlango, pale ambapo ungefungukia, alisimamisha meza ya kupigia pasi, ya matofali na saruji, nzito kiasi kwamba hata tembo angeuliza njia nyingine. Hilo la nafasi ya kupinga likawa limekwisha: alipata nafasi, akaitumia kwa misumari.

La manufaa lilihitaji utamu kidogo. Alimwambia Bwana Kinu kwamba anaona haya kwa vumbi la ujenzi, kwa hiyo amletee mashati yake mawili kila wiki, atayafua na kuyapiga pasi bure. Bwana Kinu aliyaleta mbio. Akawa anayavaa mashineni, kola imesimama, akiwaambia watu wa foleni kwamba hatimaye Mama Kwa Kuwa amepata adabu. Dobi huweka alama ndani ya kola ili nguo zisichanganyike, wengine kwa wino, yeye kwa uzi. Kwenye mashati ya Bwana Kinu alitia uzi mwekundu, mshono mmoja kila mwezi.

La nne lilikuwa kutumia mali yake akiutegemea ukimya wa jirani, na mali yake aliitumia yote, binti akiwa anamwambia kila kukicha kwamba wangeweza kulitengeneza paa la chumba cha kulala kwanza.

Miezi kumi na minne ilitimia. Akangoja miwili zaidi, kwa usalama, kama mtu anayefunga mzigo kamba ya pili, na hapo uzi mwekundu akaukata, ingawa mashati hakuacha kuyafua. Kisha akaendelea kupiga pasi na kusubiri, na majoho ya mawakili akawa anayatundika kwenye bawaba za mlango ule. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini hawakusema mshindo utachukua muda gani.

Ulichukua mwaka mmoja na ushei. Unga ulikuwa umemwingia Bwana Kinu kifuani. Alikohoa kama mashine yake inavyowaka asubuhi. Alitaka kuuza jengo akakae kwa mwanawe mbali huko, na alikuwa amempata mnunuzi, mwenye duka la dawa, mtu mwenye haraka na hela tayari. Mnunuzi alizunguka jengo lote, akafika nyuma, akakuta mlango wa dharura unafungukia kwenye meza ya saruji. Jengo lenye mlango mmoja kwangu ni mtego, alisema, na watu wa ukaguzi hawatanipa kibali. Fungua huu, tuandikishane.

Bwana Kinu akaja uani, ndani ya shati lenye kola iliyosimama. Alieleza kwa upole kwamba tangu enzi za baba yake mlango ule una njia, inapita hapo uani, kila mtu anajua. Dobi asogeze tu kile kimeza. Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika bega.

"Tutaelewana, jirani," akasema.

Bwana Kinu alingoja mwezi mzima aelewane naye. Kisha akafungua kesi.

Yule wakili wa kola alikubali kumtetea dobi, lakini hakuwa na uso wa furaha. Alimweleza kwamba hakimu hawezi kuukiuka uamuzi wa mahakama ya juu, hilo ni kweli. Ila anaweza kusema kwamba kesi hizi mbili hazifanani. "Mkunjo ule ni wa suruali, mama. Akikwambia hili ni gauni, umekwisha. Watasema zamani ulikuwa uzembe wako, na sasa ni mtego wako." Akishindwa, chumba kitavunjwa, gharama zitakuwa juu yake, na atakuwa dobi aliyeshindwa mara mbili na mtu yuleyule kwa jambo lilelile, mara moja kwa kunyamaza na mara moja kwa kunyamaziwa. Wakili akamwonya jambo moja la mwisho. Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Na usifurahi.

"Usifurahi vipi?"

"Furaha inaonekana, mama."

Siku ya kusikilizwa, kwenye korido ya mahakama, Bwana Kinu aliwasogelea kabla majina hayajaitwa. Alikuwa amekonda. Alisema, huku akiangalia viatu vyake, kwamba yuko tayari kuvunja ghala la unga. Kichochoro kitarudi, hatua tatu kama zamani, na wateja watapita. Dobi naye avunje meza. Wamalize hapahapa kama watu wazima.

Binti alimshika mama yake mkono kwa nguvu. Alikuwa msichana mkubwa sasa, na miaka yake yote ya usichana ilikuwa imepita juu ya ubao wa mtaroni akiwa na mafurushi ya watu. "Mama, si ndicho ulichokuwa unakitaka?"

Ndicho. Kwa kitambo kidogo dobi alikiona kichochoro kilivyokuwa, na mama yake ameketi mwisho wake, anawapokea wateja kwa majina yao. Kisha akaona na vile vipande vya mbao chini ya chungu cha uji.

"Nilikitaka wakati ule," akamjibu jirani yake. "Sasa nataka kusomewa hukumu."

Binti aliuachia mkono wake.

Ndani, wakili wa Bwana Kinu hakuwa mjinga. Hakuibishia kesi ya dobi, aliisifu. Kisha akasema haihusiki hapa. Kwanza, mteja wake hakupata manufaa yoyote. Pili, mteja wake ni msagaji, hajui sheria wala masharti yake, ilhali mwanamke huyu aliyajua yote na kuyatega kama kitanzi. Sheria, alisema, haikuwekwa iwe upanga wa kisasi. Hakimu alikuwa mtu wa makamo asiyepoteza maneno. Aliinua kalamu kwenye neno "kisasi" na kuandika.

Akaulizwa kama alijenga pale ili amkomoe jirani yake. Akajibu kwamba alijenga pale kwa sababu ndipo kiwanja chake kilipo.

"Lakini unamchukia," wakili yule akasema.

"Ndiyo."

Chumba kilinong'ona. Wakili wa kola alifumba macho.

"Nilimchukia nikijenga," dobi akasema, "na ningemchukia hata nisingejenga. Lakini chuki yangu haikumziba mdomo. Alinikataza misumari, nikaacha misumari. Angenikataza chumba, ningeacha chumba."

Kama angeacha kweli, hata yeye mwenyewe hajui mpaka leo. Lakini Bwana Kinu hakumjaribu, na hapo ndipo alipokosea.

Ikafika zamu ya Bwana Kinu. Wakili wa kola alimwuliza kama kweli hakupata manufaa yoyote. Hakupata, alisema, hata kidogo. Akaombwa, kwa ruhusa ya mheshimiwa, ageuze kola ya shati alilolivaa. Akaigeuza. Karani wa mahakama alisogea akahesabu mishono myekundu, taratibu, kidole kikipita shingoni mwa mtu mzima. Kumi na sita. Dobi alitazama sakafu kwa bidii zote, akitafuta msiba wa kuufikiria.

"Na sheria hii ya ukimya," wakili akaendelea, "hukuwahi kuisikia?"

"Mimi ni msagaji tu."

"Juu ya mizani yako, ukutani, kuna nini?"

Bwana Kinu alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kilivyohitaji. "Picha," akasema.

"Ya nani?"

Watu wakacheka, na hakimu akaagiza picha hiyo iletwe. Mashine haikuwa mbali. Ililetwa na unga wake juu, ikapanguswa kwa mkono, ikaandikwa kuwa kielelezo. Wakili akamwomba Bwana Kinu aisomee mahakama.

Alijipapasa mifukoni. Alijipapasa kweli, mzee wa watu, hakuwa anafanya mzaha. "Miwani yangu," akasema, "nimeisahau."

Hakimu akamgeukia dobi, akamwuliza kama anaweza kusoma. Dobi akasimama. Fremu ilikuwa nyuma yake, naye hakuigeukia. Alimtazama jirani yake usoni na kumsomea yote, kwa kuwa ya kwanza mpaka ya nne, akapumzika kwenye kila nukta, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili, na ilikuwa fupi. Hakimu alisema kwamba mahakama ya juu ilishapita njia hii, naye hana mamlaka ya kuchora nyingine, wala haoni tofauti ya kumfanya ajaribu. Kuhusu hoja kwamba mdai hakuijua sheria, alisema mtu aliyeitundika sheria ukutani kwake hawezi kusema hajawahi kukutana nayo. Madai yakatupwa. Mkuki kwa nguruwe, mtu mmoja alisema nyuma, na hakuhitaji kumalizia.

Mnunuzi alikwenda kununua jengo jingine. Fremu ilibaki masjala ya mahakama, hakuna aliyekwenda kuidai. Bwana Kinu aliendelea kusaga, mashati yake sasa yamekunjamana kama ya mtu aliyelala nayo, na dobi aliendelea kuvuka mtaro juu ya ubao, kwa kuwa kichochoro nacho hakikurudi. Binti hakumkumbusha. Alikuwa tu akibeba mafurushi yake kimya, na kimya chake kilikuwa na uzito wake.

Siku moja wakili wa kola alikuja kuchukua joho, akasema kama kwa utani kwamba sasa mkunjo umepigwa mara mbili, hautoki hata kwa maji ya moto. Dobi akauliza kama yule mjane alipata njia yake. Wakili akasema hapana, na kwamba sasa itakuwa vigumu zaidi. Dobi akampa joho lake, na kwa mara ya kwanza alisahau kumwekea kola.

Juma lile, wakati wa mchana, akiwa na binti yake chumbani mwa pasi, mlango wa chuma uligongwa. Uligongwa kutoka ndani, polepole, kwa vidole, na joho lililotundikwa kwenye bawaba likatikisika.

"Jirani," ilisema sauti ya upande wa pili. Ikakohoa. "Upo?"

Dobi aliinua pasi, akabaki ameishikilia.

"Nimechoka, jirani. Kifua hiki hakitanifikisha mbali. Ghala nitalivunja mwenyewe, kwa mikono yangu. Nakuomba tuelewane."

Binti alimtazama mama yake. Macho yake yalikuwa yameanza kutumaini, na mama aliyaona. Nje kamba zilikuwa zinapigwa na upepo. Dobi alikuwa na mengi ya kusema na hakuna hata moja lililotangulia. Mvuke ulimpanda usoni, na ukimya ukawa unarefuka baina yake na mlango, unarefuka, mpaka akausikia jinsi ulivyo, na akakumbuka ukimya ni nini kisheria.

Aliiweka pasi wima. Akaizunguka meza, akasogeza mdomo kwenye upenyo wa bawaba, na akasema kwa sauti ambayo binti angeweza kuitolea ushahidi mahakama yoyote:

"Nimesikia, na sijakubali."

Kisha akalinyoosha joho pale lilipotikisika, akarudi kwenye pasi yake.